Shule Niliyoihamisha Nikiwa Kitini

Alhamisi, wiki ya pili ya Julai. Machakos kunanyunya tangu asubuhi, yale manyunyu ya Julai yasiyostahili hata kuitwa mvua, yanayolowesha sweta taratibu mpaka unashangaa baridi imekuingiaje. Nimeketi kitandani nikiwa na soksi mbili mbili. Viatu vyangu viko nje ya mlango, vimejaa matope ya bwawa la Masinga, na nitaeleza vilifikaje huko.

Leo nina dharau. Si hasira, hasira niliimaliza jana. Ni dharau iliyotulia, ya kumtazama mtu akiongea na kujiuliza nani alimpa kiti. Nitawapitia wahusika mmoja mmoja, na nisipojifikia mimi mwenyewe kabla ya mwisho, msomaji una ruhusa ya kunidharau pia.

Kwa wasionijua: nafanya kazi ya mkataba kwenye mradi wa ramani za shule za umma hapa kaunti. Mradi sitautaja, ofisi sitaitaja, na shule nitakazozizungumzia nimezibatiza upya. Kazi yangu ni kupokea pini za shule, yaani ile alama ya simu inayoonyesha mahali mtu alipo, kuziweka kwenye jedwali, kuzikagua, kisha kumpelekea Mtaalamu. Mtaalamu huchora ramani. Ramani huenda kwa wakubwa, na wakubwa huamua shule ipi ibaki na ipi iunganishwe na jirani yake.

Kuunganishwa ni neno la adabu. Maana yake ni kufungwa.

Jumanne Mtaalamu alikuja kutoka Nairobi kutuonyesha matokeo. Ni mwanamume mwenye miwani inayoning'inia kifuani na chupa ya maji aliyokuja nayo mwenyewe, kana kwamba maji ya Machakos yatamroga. Hajawahi kupita hapa mjini kwenda ndani. Najua kwa sababu wakati wa chai alimuuliza mtu kama Masinga kuna umeme.

Neno lake la siku lilikuwa nyayo. Nyayo za shule. Alilitamka kila baada ya sentensi mbili, na Bosi wa ofisi yetu akalidaka, ikawa hata kwenye maombi ya kufungia mkutano tulimshukuru Mungu kwa nyayo za shule zetu. Kila shule ilikuwa imezungushiwa duara la rangi, na duara hilo ndilo unyayo wake, yaani eneo linalohudumiwa na shule hiyo. Maduara mawili yakipandana sana, shule moja haina kazi. Alisema hivyo hivyo, "haina kazi", akafungua chupa yake, akanywa.

Juu kabisa ya orodha ya zisizo na kazi palikuwa na shule nitakayoiita Kwa Nzeki, huko ndani kabisa, upande wa bwawa. Jirani yake nitaiita Sokoni. Umbali kati yao, kwa mujibu wa ramani, ni mita mia moja na arobaini.

"Hawa si wanaweza kuazimana chaki dirishani," Mtaalamu akasema. "Nani alijenga shule hivi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Tulicheka kwa furaha ya watu waliovaa vizuri wanapopata mtu wa kijijini wa kumcheka. Wazazi wa Kwa Nzeki, walioinua yale madarasa kwa harambee miaka hiyo, wakaonekana watu wasiojua hata kupima hatua. Mimi pia nilicheka, na kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na Bosi na Bosi alikuwa anacheka.

Sasa nieleze hizo pini zilipatikana vipi.

Mwezi wa tano walimu wakuu wote waliitwa semina kwenye hoteli moja pale Kyumbi. Huku kwetu kitu kikitakiwa kutoka shuleni, hakifuatwi shuleni. Mwalimu mkuu ndiye huitwa akilete. Rejista atabeba, ripoti atabeba, mhuri atabeba, na akisahau mhuri atarudi kuufuata hata kama ni mwendo wa nusu siku. Ndivyo tulivyozoea, sisi wa ofisini na wao. Kwa hivyo Bosi hakuona ajabu yoyote kusimama mbele baada ya chai na kusema kila mwalimu atume pini ya shule yake kwenye grupu la WhatsApp, sasa hivi, tumalize hiyo kazi. Nao walimu wakuu, watu wenye diploma na digrii, wakatoa simu na kutuma. Pale pale walipoketi, sambusa mkono wa pili.

Nilipozifungua kwenye kompyuta, shule zetu zote zilikuwa zimehamia Kyumbi. Nyingi zilikuwa ukumbini, tatu kwenye maegesho ya magari, na shule moja ya bweni ya wasichana ilikuwa ndani ya choo cha wanaume.

Niliwadharau walimu wale wiki nzima. Nilimsimulia kila mtu, mpaka mama anayeniuzia sukuma wiki akawa akiniona ananiuliza wale walimu wa chooni wanaendeleaje. Bosi aliyetoa amri sikumdharau hata kidogo. Yeye ndiye anayetia sahihi mkataba wangu. Nina tabia hiyo ya kuchagua wa kumdharau kwa kuangalia kwanza kama anaweza kunifuta kazi, na sijaanza nayo juzi.

Tukawaandikia tena: tuma pini ukiwa shuleni, si kwingine kokote. Zikaanza kuja moja moja. Ya Kwa Nzeki ilikuja Jumamosi mchana, na chini yake ujumbe mrefu wa Mwalimu Musyoka, mwalimu mkuu wa huko, wa ile namna ya walimu wa zamani wanaoandika ujumbe wa simu kama barua rasmi. Alianza kwa kunisalimu mimi na familia yangu. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema shuleni kwake mtandao haushiki kabisa, imebidi avuke ndipo aweze kutuma.

Nikamjibu kwa kidole gumba.

Sikujiuliza amevuka nini. Barabara? Mto? Mtu ameniandikia kwa mkono wake kwamba alipotuma pini hakuwa shuleni, na mimi nikamwekea kidole gumba nikaendelea kula muhogo.

Baada ya hapo kulikuwa na wiki nzima ya ukaguzi. Utaratibu wa mradi unasema afisa atafika kwenye kila shule, asimame penye bendera, alinganishe pini na mahali aliposimama. Gari la kazi hiyo lilikuwapo na dereva alikuwapo. Jumatatu lilienda kubeba mahema, na kuanzia Jumanne lilikuwa kwenye matanga ya mkwe wa Bosi. Lilirudi Jumamosi likinuka mbuzi.

Sikulalamika. Nitasema ukweli, nilifurahi. Ofisini kulikuwa na hita, na nje kulikuwa na baridi na vumbi na shule ambazo sikuwa na haja ya kuzijua. Kwenye jedwali kuna safu iliyoandikwa "Afisa amefika shuleni?" Nikaandika Ndiyo kwenye kisanduku cha kwanza, nikakishika kona, nikaburuta mpaka chini. Shule zote za eneo zima nilizitembelea kwa sekunde mbili. Kisha nikaandika jina langu.

Nilipoona Kwa Nzeki na Sokoni zimekaribiana vile, je, nilishtuka? Hapana. Niliwaza, hawa watu wa huko nao, wamegombana kanisani wakajenga shule mbili. Hilo ndilo wazo lililonijia, na nililiona la akili sana.

Jana Mwalimu Musyoka alikuja.

Alikuwa ameiona orodha kwenye grupu siku moja kabla, maana Jumanne jioni alikuwa Masinga mjini kufuata chaki. Akalala kwa shemeji yake na kuondoka kabla hakujapambazuka. Ni mzee mrefu, mkavu, suti ya kahawia iliyopigwa pasi miaka mingi mpaka inang'aa mabegani, tai imefungwa vizuri. Nilimwona dirishani akifuta viatu kwenye nyasi kabla ya kuingia. Nikadhani ni mtu wa kuomba nafasi ya mtoto wake, nikajishughulisha na kompyuta ili akae kidogo kwenye benchi. Alikaa dakika arobaini.

"Wi museo, Madam," alinisalimu kwa Kikamba nilipomwita. "Mimi ni wa Kwa Nzeki. Tumesikia tuko kwa listi. Sikuja kugombana. Nataka tu unionyeshe hiyo shule yangu kwa kompyuta, niione."

Nilimwonyesha kwa ile sauti ya upole tunayowawekea wazee, sauti ambayo leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Hii hapa ni Sokoni, Mwalimu, na hii hapa ni nyinyi, unaona mlivyokaribiana? Alivaa miwani, akasogea, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa si shule, mwiitu wakwa," akasema. Tayari nilikuwa nimeacha kuwa Madam, nimekuwa binti yake. "Hapa ni nyuma ya fensi ya Sokoni, kuna kichuguu. Ukipanda hicho kichuguu unapata netiwaki. Sisi wote wa ng'ambo tunavukanga hapo Jumamosi na mashua, tunatuma ripoti, tunarudi."

"Sasa shule yako iko wapi?"

Alikisogeza kidole. Alikipitisha juu ya sehemu ya buluu, polepole, akakiweka upande wa pili.

"Hii rangi ya buluu ni maji?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hayo ndiyo tuko nayo katikati."

Nilitoa simu nikatafuta ujumbe wake wa ile Jumamosi, na ulikuwa pale, na salamu zake kwa familia yangu, na "imebidi nivuke". Chini yake kidole gumba changu cha manjano. Nikamgeuzia simu aone. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda nilitaka anikaripie. Alisoma ujumbe wake mwenyewe mpaka mwisho, kama anayesahihisha insha, akanirudishia.

"Nilikuwa nimeandika," akasema tu.

Nikaenda kwa Bosi. Bosi ni mtu mnene wa tabasamu, anayefika kazini saa nne na kuuliza kama kuna mtu amemtafuta. Nilimweleza yote isipokuwa lile la kuburuta kisanduku.

"Ndinda, hii maneno tulimaliza Jumanne," akaniambia. "Listi inasainiwa Ijumaa mchana."

"Lakini kuna bwawa katikati, Bosi."

"Si wajenge daraja."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta chaja ya simu.

Nikasisitiza, akampigia Mtaalamu na kuweka simu mezani tusikie wote. Mtaalamu alisema pini ni pini. Alisema ramani haina wajomba. Alisema data ilikuja kwake ikiwa imekaguliwa, shule moja baada ya nyingine, na kama mtu ana shida na data aiulize ofisi iliyoileta. Kisha, kwa upole wa kuudhi sana, akauliza, "Kwani ni nani aliandika amefika?"

Bosi hakunitazama. Alijua, kwa sababu gari lilikuwa kwenye matanga ya mkwe wake. Na mimi nilijua kwamba anajua. Tulikaa pale wawili, tumefunikana uchafu, tukiangalia simu.

Ipo njia. Kuna fomu ya marekebisho, ukurasa mmoja. Unaandika namba mpya za mahali shule ilipo, unaandika sababu ya kosa na mtu aliyelifanya, na shule inatolewa kwenye orodha mpaka ipimwe upya. Ikiingia kabla ya sahihi ya Ijumaa, hakuna anayeweza kuikataa. Bosi alinipa fomu mwenyewe, na ushauri juu yake.

"Andika mwalimu mkuu alituma pini ya mahali pengine. Si ni ukweli? Ukianza mambo ya nani alifika nani hakufika, hiyo mkataba yako ya Septemba sitaweza kuitetea."

Ni ukweli. Hilo ndilo baya lake. Mwalimu alituma pini ya mahali pengine.

Mwalimu Musyoka alikuwa ameshaondoka niliporudi mezani kwangu. Aliniachia karatasi iliyokunjwa, ramani aliyoichora kwa kalamu ya risasi: bwawa, mashua, madarasa manne, kichuguu. Juu ameandika kaskazini ni wapi. Ni ramani bora kuliko zote nilizoziona wiki hii, na haina hata rangi moja.

Leo asubuhi nilipiga simu ofisini nikasema naumwa na tumbo, nikaenda Kwa Nzeki.

Kutoka Masinga mjini boda boda ilinichukua saa moja na nusu kulizunguka bwawa, na mara mbili nilishuka tukasukuma. Huku Machakos tunatetemeka, kule jua lilikuwa linawaka. Njia nzima nilikuwa nahesabu kilomita kwenye pikipiki na kulinganisha na zile mita mia moja na arobaini, mpaka nikaona haya nikaacha.

Shule yenyewe ni madarasa manne ya matofali, bendera, tangi la maji na ua wa mkonge uliokatwa vizuri. Mwalimu Musyoka alinipokea langoni bila kuonyesha mshangao. Alinipitisha darasa la gredi ya pili, watoto wakasimama wote pamoja, wakaniimbia karibu mgeni wetu. Mwalimu wao akawaambia huyu ni mgeni kutoka ofisini, amekuja kuona mnavyosoma. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akanipeleka ukingoni mwa maji. Mvua za masika zilikuwa nzuri mwaka huu na bwawa limejaa mpaka kwenye miiba. Ng'ambo niliyaona mabati ya Sokoni waziwazi. Tukiwa tumesimama pale kengele yao ikagongwa, na nyuma yetu watoto wa Kwa Nzeki wakamwagika nje kwa mapumziko. Hawana kengele. Wanatumia ya ng'ambo, na sauti huja juu ya maji vizuri kabisa. Kwa sikio shule hizi ni majirani. Kwa mguu ni safari ya mtu mzima mwenye sababu kubwa.

Palikuwa na mama mmoja amekuja kuchota. Mwalimu akanitajia kwamba ni Mama Kioko, mwanawe yuko gredi ya pili. Alirusha mawe mawili majini, akasubiri, akaangalia kulia na kushoto, ndipo akainama kuchota haraka na kurudi nyuma na mtungi wake. Nilimuuliza mawe ni ya nini.

"Mamba," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jina la siku. "Mwaka jana alichukua mbuzi yangu hapa hapa. Na sasa tunaambiwa Kioko atakuwa anavuka kwenda Sokoni kila siku. Ni nani alisema hiyo? Alifika hapa?"

Hakunijua. Mwalimu alikuwa kando yangu, mikono mgongoni.

"Ni watu wa ofisi," nikamwambia.

Nililitamka hivyo, watu wa ofisi, kana kwamba mimi ni mpita njia.

"Hao watu wa ofisi hawana watoto?"

Mwalimu angeweza kunitaja kwa neno moja tu, akaamua kutazama maji. Kati ya dharau zote za wiki hii, iliyoniuma zaidi ni ile ambayo mzee huyu alikataa kunionyesha.

Tukarudi kwenye bendera. Nikatoa simu kupima, na Mwalimu akanionea huruma, akasema nisijisumbue, hapa haitashika. Nikamwonyesha. Simu haihitaji mtandao kujua iko wapi. Mtandao ni wa kutuma tu. Namba zilitokea kwenye kioo pale pale, nikaziandika kwenye daftari. Alizitazama muda mrefu.

"Kumbe namba zinakuja bila netiwaki?"

"Zinakuja, Mwalimu."

"Basi ningeandika kwa karatasi, nivuke nayo."

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Hakuna aliyewaambia. Bosi hakuwaambia, anaamini pini hutoka kwa kampuni ya simu. Mtaalamu hakuwaambia, yeye hazungumzi na walimu. Mimi nalijua jambo hilo tangu chuo, ni somo la wiki ya kwanza, na niliandika ujumbe mzima wa kuwagombeza watu wazima watume wakiwa shuleni bila kuongeza mstari huo mmoja. Mzee wa watu alilipa mashua akapanda kichuguu kunitimizia amri yangu ya kijinga.

Nilimweleza habari ya fomu. Nilimweleza yote, na lile la kuburuta kisanduku pia, nikiwa natazama viatu vyangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Andika ni mimi nilikosea," akasema. "Mimi namaliza Desemba, mwiitu. Watanifanya nini? Wewe bado uko na njia ndefu."

Nilifarijika. Nalitumia neno hilo makusudi ili nisije nikajidanganya baadaye. Kabla ya aibu, kabla ya shukrani, kitu cha kwanza kilichonipitia mwilini kilikuwa faraja, tamu kabisa, kama kuvua kiatu kinachobana. Niliona mkataba wangu wa Septemba, nikaona hita ya ofisini. Na najua vizuri wanachoweza kumfanya. Mwalimu anayestaafu akiwa na barua ya kosa kwenye faili huzungushwa na karatasi zake mpaka achoke, kwa sababu kwenye kila meza faili linapopita kuna Bosi mwingine anayetafuta chaja. Miaka thelathini na minne darasani, na barua ya kwanza kwenye faili lake iwe na jina langu chini.

"Tutaona, Mwalimu," nikamwambia.

Tutaona! Hilo ni neno la Bosi. Limetoka kinywani mwangu bila kukwama popote.

Alinisindikiza mpaka kwenye boda boda na akamwambia kijana aendeshe polepole kwa sababu amembeba mtu muhimu.

Fomu iko hapa juu ya blanketi. Nimeijaza mara tatu kwenye karatasi ya kujaribia. Mara ya kwanza niliulaumu mtandao. Iliandikika vizuri sana, hata nikashangaa uongo wangu una sarufi nzuri kiasi hicho. Mara ya pili nilimlaumu Mwalimu, kwa lugha ya heshima, "kwa nia njema", "bila kukusudia", na niliposoma niliona ndiyo itakayompendeza Bosi. Mara ya tatu niliandika kwamba "hapakuwa na uratibu wa kutosha". Ile sentensi haina mtu ndani yake. Ofisi yetu imejaa sentensi kama hizo.

Ya nne nimeiandika kwenye fomu yenyewe, kwa kalamu ya wino. Sababu ya kosa: afisa hakufika shuleni, na aliandika kwamba alifika. Mwalimu mkuu alimweleza kwa maandishi kwamba hakutuma akiwa shuleni, afisa hakusoma kwa makini. Aliyekosea: na hapo nimeandika majina yangu yote matatu na namba ya kitambulisho. Nimeambatisha picha ya ujumbe wa Mwalimu, pamoja na kidole gumba changu. Nimeambatisha pia orodha ya shule nyingine zote ambazo sijawahi kuzitia machoni, na ni ndefu kuliko nilivyotaka.

Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa karani wa masijala anipigie mhuri wa kupokelewa, kabla Bosi hajaamka. Huenda jioni nikawa sina kazi. Nimejiuliza kama naogopa, na jibu ni kwamba naogopa sana. Sina ujasiri wowote hapa, nina haya tu.

Tangu Jumanne shule ya Kwa Nzeki imekuwa haina kazi, na leo niliwakuta gredi ya pili wakijifunza kujumlisha. Hakuna aliyekuwa amewaambia watoto hao habari ya orodha. Ningependa ibaki hivyo.